Jino Lisilo la Udongo Wetu

Kaka yangu alinipigia simu Jumapili moja mara baada ya misa, nikiwa bado nje ya kanisa nasalimiana na watu. Namwita kaka, ingawa kwa kuzaliwa ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Ana duka la vipuri vya pikipiki hapa Songea mjini, na sauti yake siku zote ni ya mtu anayeshindana na injini. Siku ile alinong'ona.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko kanisani."

"Sogea pembeni."

Nikasogea. Akaniambia kuna kitu kimetoka ardhini shambani kwa mzee, kitu kama jino, ila si jino la mnyama yeyote anayemjua. Nije nikione kabla wengine hawajakiona, na nisimwambie mtu. Hata mama yangu nisimwambie.

Hilo la mwisho ndilo lililonitia wasiwasi. Mimi na mama tunaishi nyumba moja Lizaboni tangu baba alipofariki, na katika ukoo wetu mtu akitaka jambo lifichwe kwa mama yangu, ujue linahusu shamba.

Shamba hilo lilikuwa la babu. Zamani lilikuwa kijijini kabisa, siku hizi mji umelifikia na umeanza kulizunguka. Babu aliwaachia wanawe wawili, baba mkubwa na baba yangu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa, hakuwahi kulima pale hata msimu mmoja, akafa bila kugawana na kaka yake. Baba mkubwa ndiye aliyebaki. Ndiye aliyelima mahindi na maharage, akajenga nyumba, akamzika mke wake nyuma ya nyumba hiyo. Na sasa kaka alikuwa amepata mnunuzi wa shamba zima, mtu wa nje aliyetaka kujenga maghala, na wapimaji walikuwa wameanza kuweka bikoni, zile nguzo za zege za mipaka. Mama yangu hakuwa ameulizwa chochote.

Nilipanda bodaboda nikaenda vilevile na nguo za kanisani. Nilimkuta kaka amesimama kando ya shimo jembamba karibu na migomba, na wifi yangu, mkewe, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Baba mkubwa alikuwa ameketi mlangoni kwake, mbali kidogo, ndani ya koti zito. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Songea ya mwezi wa saba haina mchezo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Umekuja kuona maajabu?"

"Nimeambiwa."

"Haya. Waoneshe hiyo elimu yako."

Alisema hivyo akitazama migomba.

Kaka alifunua gunia. Lilikuwa jino kweli, refu kama kiganja changu kuanzia kwenye kifundo hadi ncha ya kidole, lenye pembe nne kama kipande cha mbao kilichorandwa, zito, la rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Upande mmoja lilikuwa na uwazi ndani. Upande wa kutafunia lilikuwa na matuta mawili yaliyokatiza, na bonde kali katikati, kama mapaa mawili ya nyumba zilizosogeleana.

Nililijua kabla sijaligusa. Kwa miaka ya masomo yangu ya shahada ya pili kule Brazili sikufanya kazi nyingine yoyote ila kutazama meno kama hilo.

Nililipangusa kwa kona ya kitenge, nikaligusisha ulimi.

"Wee!" Wifi aliruka kutoka kwenye ndoo. "Unalamba kitu cha shimoni? Unajua kimezikwa na nani?"

Nikamweleza kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Mfupa wa kale sana una vitundu vidogo visivyoonekana, vinanyonya mate, kwa hiyo unanata kwenye ulimi. Jiwe la kawaida halinati. Hakuridhika, akatema mate pembeni kwa niaba yangu.

Nisichomweleza ni kwamba lile jino halikunata. Liliteleza kama kikombe cha kaure. Nililigeuza juani nikaona mng'ao mwembamba kwenye pembe zake. Mtu alikuwa amelipaka vanishi, kama wanavyofanya watu wa makumbusho ili kitu kisimomonyoke. Kitu kilicholala ardhini tangu enzi na enzi hakina wa kukipaka vanishi.

Niliomba nikalitazame vizuri nyumbani. Kaka alisitasita.

"Utalirudisha?"

"Nilipeleke wapi?"

Kabla hajaniachia alilipiga picha pande zote kwa simu, halafu akaniambia nilishike, akanipiga na mimi, uso ukionekana. "Kwa kumbukumbu," alisema. Nikamtazama. Naye akanitazama.

Lazima nieleze kidogo kuhusu mnyama mwenyewe. Yuko mnyama wa Amerika ya Kusini anayening'inia mitini na kwenda polepole mno. Vitabu vyetu humwita slothi, mama yangu humwita mnyama mvivu. Zamani za kale alikuwa na ndugu waliotembea chini, na wengine uzito wao ulikuwa kama wa tembo. Wametoweka wote. Kule nilikosoma, kwenye nyanda kavu za kaskazini mashariki, mifupa yao hupatikana kwenye madimbwi ya miambani, imevunjikavunjika, na meno yametawanyika. Yalikuwa yakiletwa maabara yetu kwa magunia. Kazi yangu ilikuwa kuyatenganisha. Haya ya pembe nne na matuta mawili ni ya yale majitu makubwa. Haya yenye kiuno katikati kama ganda la karanga ni ya ukoo mwingine. Haya makali kama patasi ni ya mbele ya taya za ukoo wa tatu. Yote hayana enameli, ile ngozi nyeupe ngumu tuliyo nayo sisi. Na hayana mizizi, kwa sababu yalikuwa yakikua maisha yote ya mnyama.

Kufika kwenye ukoo si shida. Shida ni spishi. Zamani wataalamu walitoa jina jipya kila walipookota jino la ukubwa tofauti, kumbe hili la mtoto na lile la mama yake. Profesa wangu, mwanamke wa maneno machache, alikuwa akinirudishia trei nzima ya meno na kusema, "Usiniambie hili ni la nani. Niambie kwanza kwa nini si la mwingine." Nilirudi Songea kufundisha shule, na tabia hiyo nikarudi nayo. Ni tabia nzuri maabara. Sokoni ni mbaya, na kwenye ukoo ni mbaya zaidi.

Mama aliliona jino dakika nilipoingia, kwa sababu hakuna mfuko unaoingia nyumba ile asiuchungulie.

"Nini hicho?"

"Jino."

"La nani?"

"La mnyama ambaye hajawahi kukanyaga Afrika."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Basi kuna mtu amelileta," akaenda kuosha mikono.

Niliketi nalo mezani mchana kutwa. Kwanza nilijishuku mwenyewe, nisije nikawa naona Brazili kila mahali kwa sababu ya kuikumbuka. Nikajaribu kulifanya jino la tembo. Tembo ana mabamba ya enameli. La kiboko, kiboko ana enameli pia. La mhanga, yule mchimba mashimo anayekula mchwa, ambaye naye hana enameli. Meno ya mhanga ni madogo, na ndani yana mirija midogo midogo. Hapana. Nikachokonoa ule uwazi wa ndani kwa sindano ya kushonea. Kilichotoka kilikuwa chengachenga za kijivu cheupe, ngumu, zilizoshikamana. Udongo wa shamba la babu ni mwekundu wa kutia soksi doa lisilotoka. Wekundu huo ulikuwa nje tu ya jino, na ulitoka kwa maji ya bomba mara moja.

Kwa hiyo nani? Nilimfikiria kaka kwanza. Labda alidhani shamba lenye maajabu litapanda thamani. Lakini nilipompigia alikuwa amefura: mpimaji aliposikia habari alikunja vifaa vyake akasema atasubiri maelekezo, na mnunuzi naye ameanza kusuasua. Ama kaka ameumia kweli, ama anaigiza vizuri. Nikamfikiria mnunuzi, labda anatafuta kisingizio cha kupunguza bei. Nikamfikiria wifi na ule mruko wake kutoka kwenye ndoo.

"Kaka, nani alichagua pale pa kuchimba?"

"Mpimaji alitaka bikoni kwenye migomba penyewe. Mzee akasema pana mizizi, tusogee kidogo. Tukasogea."

"Mzee ndiye aliyewasogeza?"

"Dada, unauliza kama polisi."

"Nauliza tu."

Sikulishikilia jibu hilo. Mzee yeyote anajua mizizi ya shamba lake iko wapi, na baba mkubwa hakuwahi kutoka nje ya mkoa zaidi ya kwenda kuzika watu Njombe.

Habari haikukaa ndani. Katikati ya wiki wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza darasani kama ni kweli limepatikana jino la jitu. Watu walikuwa wakienda shambani kuchungulia shimo. Kaka akaitisha kikao cha familia nyumbani kwa mzee, alasiri, na safari hii mama yangu aliitwa. Tuliketi kwenye viti vya kuazima: baba mkubwa, kaka, wifi, mama na mimi. Nililiweka jino juu ya stuli katikati yetu, nikaeleza kila kitu. Matuta mawili, kukosa enameli, vanishi, zile chengachenga za kijivu. Nikamaliza kwa kusema kwamba mnyama huyu aliishi Amerika tu, na kwamba jino halikuzaliwa na ardhi yetu, limefukiwa na mtu, na si zamani.

Kaka alisikiliza vizuri, viwiko kwenye magoti.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Limetoka Amerika."

"Ndiyo."

"Ni mtu amelifukia."

"Ndiyo, kaka."

Akageuka akawatazama wengine mmoja mmoja, bila haraka. "Sasa kati yetu sisi tuliopo hapa, nani amefika Amerika?"

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya nyumba. Niliwasikia vizuri kabisa.

Mama alisimama. "Mwanangu, unasema nini?"

"Sisemi, mama mdogo. Nauliza tu. Kuuliza si ndiyo kazi ya wasomi?" Kisha akasema lote. Kwamba mimi na mama tunataka fungu la marehemu, kwamba hatukufurahia mauzo, kwamba nilipoliona jino nililamba bila hofu kama mtu anayelamba kijiko chake mwenyewe. "Hata hakushangaa," alisema. "Muulizeni mke wangu. Alilitambua kabla hajalishika."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, cha mtu aliyefumaniwa. Ubaya ni kwamba hoja zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilikuwa na sababu, nilikuwa na njia ya kulipata, na nilikuwa mtu pekee mkoa mzima, pengine, aliyekuwa amewahi kushika kitu kama kile. Profesa wangu angempa alama za juu.

Nilimtazama baba mkubwa anitetee. Alikuwa akitazama viatu vyake. "Msigombane," alisema, kisha akainuka polepole akaingia ndani na kurudishia mlango.

Tulirudi Lizaboni kwa miguu, mimi na mama, jino mkobani mwangu. Tulipofika kona ya dukani akaniuliza, bila kunitazama, "Hukulileta wewe?"

"Mama!"

"Nimeuliza mara moja. Siulizi tena."

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Kaka alipita mbele ya shule akiwa juu ya pikipiki, akageuza uso. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo aliweka ile picha yangu nimelishika jino, uso wote umeonekana, na chini yake akaandika neno moja: "Tujihadhari." Shangazi zangu wakajibu kwa alama za mikono inayosali. Na mimi sikubaki nyuma. Nilianza kujenga kesi yangu dhidi yake kichwani. Nani angejua mapema kwamba mimi ndiye nitakayelitambua, kama si mtu aliyetaka nilitambue? Si yeye aliyenipiga picha? Si yeye aliyenikataza kumwambia mama? Nilipanga ushahidi huo nikiwa nasahihisha mitihani, nikapika nikiwa naupanga, nikaunguza maharage.

Picha ile ndiyo iliyotuokoa. Jioni moja, kabla ya taarifa ya habari, simu ililia. Alikuwa dada mkubwa, binti wa kwanza wa baba mkubwa, ambaye ni muuguzi Mbesa kule Tunduru na ambaye huingia kwenye lile kundi mara chache kwa sababu ya mtandao na zamu.

"Wewe," alisema, hata salamu hakuna, "mbona umeshika jiwe la mama?"

"Jiwe gani?"

"Hilo kwenye picha. Si jiwe la mama la kukandamizia kifuniko cha mtungi wa togwa? Halafu huyu anaandika tujihadhari. Tujihadhari na togwa?"

Nilikaa chini kwenye kizingiti.

"Dada, una hakika?"

"Nimeliosha mimi utoto wangu wote! Lina matuta mawili upande mmoja, na upande mwingine lina shimo ambalo machicha ya togwa yalikuwa yanaingia, mama ananigombeza nisugue kwa kijiti."

"Kaka hajawahi kuliona?"

"Aone wapi? Yeye alikuwa bweni. Akirudi likizo togwa inamfuata kwenye kikombe. Jikoni aliingia lini?"

"Lilitoka wapi?"

"Muulize baba. Alipewa na mzungu wake wa useremala."

Kesho yake, kabla ya vipindi, nilikwenda shambani. Sikumwambia mama. Baba mkubwa alikuwa uani akichonga mpini wa jembe, vipande vya mti vimemjaa mapajani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Aliendelea kuchonga. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Dada amepiga simu kutoka Mbesa."

Panga lilisimama. Akaliweka chini.

"Amesema nini?"

"Amesema jiwe la mama."

Alikung'uta mapaja yake, akanionesha kigoda nikae. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Kwa hiyo ni kweli? Huyo mnyama hakufika huku kabisa?"

"Hakufika, baba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alitikisa kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akanieleza. Ujanani alikuwa fundi seremala kwenye misheni moja. Palikuwa na bruda, mtawa mzee wa Kizungu, aliyefanya kazi Amerika ya Kusini kabla ya kuletwa upande wetu, na chumba chake kilijaa mawe na magamba. Baba mkubwa alimtengenezea kabati la kuyapanga. Bruda alipokuwa anarudi kwao kufa, alimpa jino moja kwa shukrani, akamwambia ni la mnyama wa kale aliyekuwa mkubwa kama nyumba. Hakumwambia ametoka wapi. "Na mimi sikuuliza. Nilidhani mnyama mkubwa namna hiyo alikuwa kila mahali."

Mkewe alipoolewa, naye akapata jiwe la mtungi, alisema akitabasamu kidogo. Mimi sikutabasamu.

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nilisikia redioni, wanasema mahali pakipatikana mifupa ya kale serikali inaweza kupawekea ulinzi, hapauzwi ovyo. Nikasema, kumbe. Siku wapimaji walipokuja tena nilikuwa tayari nimelifukia."

"Ulisikia nikisingiziwa, baba mkubwa."

"Nilisikia."

"Ukaingia ndani."

"Nikaingia ndani." "Sijala vizuri tangu siku ile, mwanangu. Kila nikitaka kuja kwenu nasema kesho. Niliogopa. Watanipeleka mjini kwenye chumba cha uani, na mama yenu abaki hapa na maghala, na watu wasiomjua wakipita juu yake na malori."

Nilimwonea huruma, lakini nitasema ukweli: hata wakati huo, upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa ukiuliza kama haniambii hivi ili nilainike. Nilikuwa nimedanganywa vya kutosha wiki ile. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anioneshe huo mtungi.

Hakukasirika. Aliinuka akaniongoza hadi jiko la nje, lililokuwa halijafagiliwa siku nyingi. Mtungi ulikuwepo kwenye kona, na kifuniko chake cha mbao kazi ya mkono wake mwenyewe. Katikati ya kifuniko palikuwa na alama ya pembe nne, nyeusi, iliyobonyea. Nikalitoa jino kwenye mkoba nikaliweka. Lilikaa pale bila kucheza. Tulisimama wote wawili tukilitazama, kisha nikaanza kulia, na yeye akanishika bega asijue aseme nini.

"Nitawaambia mwenyewe," alisema hatimaye. "Usiwaambie wewe."

Aliwaita Jumamosi iliyofuata. Alizungumza akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu anayetoa taarifa kijijini, na hakujipunguzia. Alipomaliza, kaka alisogeza kiti chake mbele.

"Baba, si ungesema tu kwamba hutaki?"

"Nilisema."

"Lini?"

"Mlipoanza kuleta habari za mnunuzi nilisema. Na wakati wa kupanda nilisema. Na Pasaka nilisema, mkaniambia nipumzike."

Kaka alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama nyuma ya nyumba, penye kaburi la mama yake, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua pikipiki iliyogoma kuwaka. Alikaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaketi, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu kile kikao.

"Dada, yameisha."

"Hayaishi kwa kusema yameisha," mama yangu alidakia. "Umemwandika mwanangu kwenye simu za watu. Mfute kwenye simu hizohizo."

Akatoa simu palepale, akaandika, akamwonesha mama kabla ya kutuma. Mama alisoma mara mbili, akamwambia aongeze neno samahani. Akaongeza.

Shamba halikupona lote. Sehemu ya chini, iliyo karibu na barabara, iliuzwa kwa yule mnunuzi, na maghala yamesimama sasa, mabati yake yanang'aa hadi unafumba macho. Sehemu ya juu, nyumba, migomba na kaburi, ilipimwa peke yake kwa jina la baba mkubwa, na kipande kando yake kwa jina la mama yangu, ambaye amepanda maharage na hataki mtu ayakanyage. Siku wapimaji waliporudi, kaka alimfuata mzee hatua kwa hatua. "Baba, kuna kingine ulichofukia?" Mzee akasema hapana. Kaka bado alichokonoa kila shimo kwa nondo kabla ya kuruhusu zege limwagwe.

Jino alinipa mimi. Nilikataa, akasisitiza, alisema hataki kuliona. Lakini alitaka kwanza kujua jina lake. Nilimtajia jina la yale majitu ya matuta mawili.

"Hilo ni la ukoo," alisema, maana alinisikiliza vizuri kikaoni. "Lenyewe je?"

"Lenyewe siwezi kusema, baba mkubwa. Jino moja, halina taya, hatujui lilichimbwa bonde gani. Linaweza kuwa la huyu, linaweza kuwa la ndugu yake, linaweza kuwa la kijana wa mkubwa zaidi."

"Umesoma miaka yote ile na hujui?"

"Sijui."

Aliguna kwa namna ya kuniheshimu kidogo, au ya kunidharau. Sikujua ni ipi.

Sasa liko kwenye kabati la maabara ya shule. Nimelibandikia kikaratasi kinachosema limetoka Amerika ya Kusini, kwamba lililetwa huku kwa mkono wa mtu na halikuchimbwa Songea, asije akatokea mwingine siku moja akaandika kwamba majitu yale yalitembea Ruvuma. Wanafunzi huniuliza kama wanaweza kulilamba. Nawaambia haliwezi kunata, na wao hulamba wanapodhani sioni.

Mimi na kaka tunasalimiana vizuri. Kwenye misiba tunakaa benchi moja. Ila nikianza kumuuliza kitu, hata bei ya tairi, namwona anatulia kidogo kabla ya kujibu, na mimi nikimwona anatoa simu nageuza uso. Msimu uliopita wa mavuno alikuja Lizaboni bila kupiga hodi kwa simu kwanza, akashusha gunia la mahindi kwenye pikipiki, akaliegemeza ukutani.

"La nini hili?" nilimuuliza.

"La kula."

"Umetumwa na baba?"

"Dada, ni mahindi."

Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani, nikampungia mkono mpaka akakata kona. Kisha nilirudi, nikalifungua gunia, nikatumbukiza mkono hadi begani nikapapasa chini kabisa. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Kuna nini?" akauliza.

"Mahindi," nikamjibu.

Akaja, akakunja mkono wa gauni lake, akapapasa na yeye.